Paka Aliyepita Chini ya Blanketi

Watu kadhaa wamenijia mwaka huu kuniuliza ni dawa gani iliyonirudishia mkono wa kulia. Baadhi yao wanauguza mume au mama. Wengine ni wagonjwa wenyewe, wameketi mbele yangu na mkono mmoja umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Hutarajia nitaje mzizi fulani au sindano ya Kizungu. Nami niliyesoma chuo kikuu, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na kurudi na shahada niliyoitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa, huinamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo: paka. Hunitazama usoni. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni.

Ugonjwa ulinikuta kanisani, Mbeya, mwishoni mwa masika. Tulikuwa tumesimama tunaimba, kitabu cha nyimbo kikaniponyoka. Nikainama kukiokota, vidole vikakataa kufunga. Nilivitazama kama mtu anayewatazama watoto wa jirani wakifanya utundu, hawezi kuwachapa kwa kuwa si wake. Nikajaribu kumwambia mke wangu, mdomo ukatoa maneno ya mlevi. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nyuma yetu akanong'ona kwa sauti iliyofika safu ya mbele: "Hata Mwalimu! Asubuhi yote hii!" Nilipoteza heshima kwanza, kisha ndipo nikaanguka.

Mdomo ulirudi baada ya siku chache, jambo ambalo mke wangu bado hajaamua kama lilikuwa baraka. Mguu ulirudi nusu, ukawa unaburuta. Mkono haukurudi. Ulining'inia begani, mzito, hauna baridi wala joto, na usiku nilipojigeuza nilishtuka kukuta mkono wa mtu kitandani mwangu.

Mwalimu Mkuu alikuja kunitazama hospitalini. Alikuwa mtu mwema asiyejua kusema uongo, na watu wa namna hiyo si wazuri sana kwa wagonjwa. "Pole sana, Mwalimu," alisema. "Nafasi yako tutakuwekea mpaka shule zitakapofunguliwa Januari. Baada ya hapo..." Akatazama dari. Sikuhitaji amalizie. Mwalimu asiyeweza kuandika ubaoni si mwalimu, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shule. Nilijaribu mkono wa kushoto. Kuku akipita kwenye majivu huandika vizuri zaidi. Basi shauri lote lilikuwa hilo: mkono ulikuwa na muda mpaka Januari.

Mke wangu ni Mhehe wa Iringa. Dada yake alituletea habari kwamba kwenye hospitali moja ya misheni kule kuna Sista anayeamsha viungo kwa mikono yake. Tukaenda kwa basi mwezi Juni, baridi ikiwa imeanza kuuma, mke wangu akinishika kichwa njia nzima kisigonge dirisha. Sisemi mengi juu ya safari ile. Nasema tu kwamba hakukiachia.

Wale mnaoanza safari kama yangu, jueni kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ni benchi. Kila asubuhi tulikaa kwenye baraza la hospitali, tumejifunika mablanketi, harufu ya sufu mbichi na moshi wa mikaratusi ikituzunguka, tukingoja kuitwa. Benchini kila mtu huamini kwamba ugonjwa wake ni mkubwa na wa mwenzake ni uvivu. Nilimwonea wivu mtu wa Mufindi aliyevunjika mguu, kwa sababu alikuwa na plasta nyeupe watu waionee huruma, na mimi sikuwa na kitu cha kuonyesha. Lakini palikuwa pia na mama mmoja wa Kilolo ambaye mumewe alikuwa amepooza miguu yote miwili. Kila asubuhi alifika kabla yetu, akatusalimu "Kamwene!" kama tumekutana arusini, akafungua kitambaa na kutugawia viazi vya kuchemsha vya moto. Hakutuuliza tunaumwa nini. Alituuliza kama viazi vimeiva.

Sista alikuwa mnene, mwenye mikono ya mwoka mikate. Alinipaka mafuta ya mbarika mbele ya wote, akakanda, kisha akabonyeza mahali fulani fulani: pale kwenye nyama kati ya dole gumba na kidole cha pili, kwenye bonde la kiwiko, nyuma ya bega.

"Unasikia?"

"Sisikii, Sista."

"Na sasa?"

"Sisikii."

"Na sasa?"

Niliona haya kumkatalia mara ya tatu mtu anayetoa jasho kwa ajili yangu. "Sasa nasikia kidogo."

"Mwongo," akasema. "Sijakugusa."

Benchi zima lilicheka, na mke wangu alicheka kuliko benchi.

Alipoturuhusu kurudi nyumbani alinipa maagizo. "Mkono wako umesahau nguvu zake. Haujui kama unashika yai au jembe. Ukiukandisha mpira, mpira hautakwambia kitu. Tafuta kitu laini, chenye uhai, kinachoweza kulalamika."

"Sista," mke wangu akasema, "nyumbani kwetu kinacholalamika ni mimi tu, na sina nafasi."

Tulipofika Mbeya tulimkuta mkwe wangu, Tusekile, mke wa mwanangu Gwakisa. Gwakisa anafanya kazi migodini, kusini ya mpaka, na alikuwa amemleta mkewe ajifungulie kwetu, karibu na hospitali, kwa kuwa mama mzazi wa binti amefariki. Nilifurahi, kisha nikaogopa.

Sharti nieleze kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba wa mumewe hawaonani. Hawasalimiani, hawagusani, hawapiti mlango mmoja. Akisikia mwenzake anakuja, kila mmoja anatafuta pa kujificha. Hii ni heshima, na ni heshima ya kazi sana. Nilipokuwa kijana msomi niliandika makala katika gazeti la shule kuilaumu mila hiyo, makala kali yenye maneno mengi marefu. Lakini siku Tusekile alipokuja kwetu mara ya kwanza, nilisikia nyayo zake uani, na nilipozinduka nilikuwa nimechutama nyuma ya pipa la maji. Tangu hapo kila alipotutembelea nilichukua fimbo na kupanda kuelekea mlima Loleza, nikisema nafanya mazoezi.

"Umesoma vitabu vyote vile," mke wangu alikuwa akisema, "na bado unamkimbia msichana." Wahehe nao wana miiko yao ya wakwe, lakini ya mwenzio huchekesha zaidi.

Sasa mguu ulikuwa unaburuta, sikuweza kukimbia. Naye kwa tumbo lile hakuweza kuruka dirisha. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko nyuma. Mke wangu akachukua blanketi la kijivu, akalitundika mlangoni kati ya chumba cha mbele, nilikolala mimi, na chumba cha nyuma, alikolala Tusekile. Upande huu wangu, upande ule wake. Aliyevuka alikuwa mke wangu peke yake.

Na alivuka! Uji, maji ya moto, chombo cha haja, kuni, mahindi ya kupukuchua, nguo za mgonjwa, chumvi ya mjamzito. Mimi nilikuwa na kazi moja tu ya kungoja mkono, nikaifanya kwa kununa. Maneno yake yakaanza kuwa mafupi. "Baba Gwakisa, mkono mmoja unao. Shika kikombe." Siku moja aliweka sinia chini, akasimama dirishani akinipa mgongo, akasema, si kwa hasira, "Nimechoka pande zote mbili za blanketi." Kisha akavuka mbio. Hata ningemjibu, asingekuwa na wakati wa kusikiliza, maana uji ulikuwa unafurika jikoni.

Mwingine aliyevuka alikuwa paka.

Alikuwa paka mzee wa mistari, mlinzi wa ghala la mahindi, na tulimwita Bwana Shauri kwa sababu kila penye ugomvi alikuja kukaa katikati, akasikiliza pande zote, asiamue kitu. Mke wangu alikataza tusimwite kwa sauti nje, kwa ajili ya Bwana Shauri mwenyewe wa bomani, afisa wa kuamua kesi, aliyepita njia ile kwa baiskeli. Tulipokuwa Iringa paka huyu alianguka kutoka kwenye boriti akifukuza panya, na sasa alikuwa akiburuta mguu wa nyuma. Wa kulia, kama mimi. Tulipotazamana mara ya kwanza baada ya safari, kila mmoja alimwonea haya mwenzake.

Tusekile alikuwa ameanza kumtibu zamani. Karibu na moto, kila baada ya kuosha vyombo, alipasha viganja joto na kumkanda paka mapaja na kiuno, kama bibi yake alivyokuwa akikanda ndama waliozaliwa vibaya. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichojua mimi ni kwamba siku moja, mchana, blanketi lilivimba chini, Bwana Shauri akatokeza, ana joto na ananuka moshi, akapanda kitandani kwa shida na kusukuma kichwa chini ya mkono wangu uliokufa. Alitaka tuendelee.

Nikakumbuka maneno ya Sista. Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikauweka mgongoni mwa paka, nikabonyeza. Akalia, akaniuma, akakimbia. Sikusikia meno. Niliona tu damu ikitoka kwenye kidole, nikaitazama kwa muda mrefu, na ile ndiyo siku niliyohuzunika kuliko zote, kuliko hata kanisani.

Kisha nyuma ya blanketi sauti ikasema, polepole, "Bwana Shauri, nani kakuumiza? Kamwambie asianzie mgongoni. Aanzie mashavuni. Taratibu, kama anayefuta vumbi kwenye kitabu."

 Katika miaka yote ya ndoa ya mwanangu sikuwa nimesikia kwa mkwe wangu kitu kirefu kuliko kikohozi. Nikasafisha koo. "Bwana Shauri," nikasema, ingawa paka alikuwa chini ya meza akijilamba kwa hasira, "kamwambie aliyekutuma kwamba nimesikia. Ndaga, nashukuru."

Tangu siku hiyo tulisema naye, yaani na paka. Tusekile alimlalamikia kwa sauti, nami nilimjibu kwa sauti, na paka alituvumilia wote. "Bwana Shauri, mbona leo umerudi umevurugika manyoya? Kwani umekandwa kinyumenyume?" "Bwana Shauri, sema kwamba aliyekukanda alikuwa anafikiria mambo mengine." "Basi asifikirie. Afikirie paka."

Kwa kuwa huenda nawe unaye paka mzee au mlemavu nyumbani, hata kama mikono yako ni mizima, nieleze tulivyokuwa tukifanya. Pasha mikono joto kwanza. Mkono wa baridi ni matusi. Mngoje aje mwenyewe, asiwe ametoka kula, asiwe amebanwa. Anza mashavuni na nyuma ya masikio kwa ncha za vidole, viduara vidogo, bila haraka. Ukishuka mgongoni usiuguse uti wenyewe. Pita kando yake, pande zote mbili, penye nyama. Kuna vibonde vidogo ambavyo kidole hujikuta kimevikalia chenyewe: kati ya mabega, mbele kidogo ya mzizi wa mkia, nyuma ya goti. Hapo unabonyeza kwa uzito wa shilingi, unangoja avute pumzi na kuishusha, unaachia. Tumbo liache. Kwenye mguu unaouma usivute wala usikunje. Uzunguke tu kwa kiganja, kama unaumwagia joto. Usimpake dawa yoyote ya kuchulia, hasa yenye kafuri, kwa sababu atajilamba. Na mtazame mkia. Mkia ukianza kupiga kitanda, umekwisha kuambiwa, acha.

Kwa mtu mwenye mikono mizima haya ni madogo. Kwangu, wa kushoto ukiuongoza wa kulia, yalikuwa shule. Mkono wangu haukusikia kitu, lakini paka alisikia kila kitu na kuniambia papo hapo. Nikizidisha, sikio lililala nyuma. Nikilegeza mno, alifumbua jicho moja kunitazama kama mwanafunzi anayemwona mwalimu ameishiwa. Nikipata, alikoroma. Nilifundishwa nguvu zangu na mgonjwa mwenzangu, kwa jicho, kwa sikio, kwa mkia.

Agosti ikapita na upepo wake. Septemba watu wakawasha moto milimani, hewa ikajaa masizi. Alasiri moja nilikuwa nimelaza mkono ubavuni mwa Bwana Shauri nikahisi kitu upande wa kidole cha mwisho, mtetemo mdogo. Nilidhani ugonjwa unapanda. Nikangoja uenee. Haukuenea. Ulikuja na kwenda, ukaja na kwenda, na mwishowe nikaelewa kwamba ulikuwa unafuatana na pumzi za paka. Ulikuwa mkoromo wake. Nilikuwa nausikia kwa mkono.

"Bwana Shauri," nikaita, "kawaambie jikoni nasikia!"

Nyuma ya blanketi sufuria ilianguka.

Siku hizo ndipo Shangazi Sekela, dada wa marehemu baba yangu, alipofika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani kuja kumtazama mgonjwa. Ni mwanamke mrefu, mvuta ugoro, ambaye hajawahi kuingia chumbani bila kuuliza kwa nini kitu fulani kiko hapo kilipo. Alilisifu blanketi. Alisema ameona nyumba nyingi za wasomi zisizo na blanketi. Akaketi, akaanza kunipa habari za ndugu, na katikati ya habari blanketi likavimba chini na paka akaja kulala chini ya mkono wangu.

Shangazi akaziacha habari. "Huyu ametoka wapi?"

"Jikoni."

"Alikuwa na nani?"

Nikatazama blanketi.

Akanyoosha mkono, akampapasa paka. "Ana joto. Mkweo amemshika sasa hivi. Na wewe unamshika palepale alipomshika?"

"Shangazi, ni paka."

"Najua ni paka, nina macho. Nakuuliza joto hili ni la nani?"

Niliketi wima. Hapa ndipo elimu inapotakiwa. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mnyama ana joto lake mwenyewe, litokalo katika damu na chakula. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Umemaliza? Basi mkeo anakupa chakula alichopika mkweo. Unakula?"

"Nakula."

"Kwa sababu kimepita mikononi mwa mkeo. Maji vilevile. Salamu vilevile. Kila kitokacho kwake kuja kwako kinapita kwa mtu. Paka huyu amepita kwa nani?"

 Nawaambia kweli, nilitafuta kosa katika hoja ile kwa bidii yote niliyofundishwa, na sikuliona.

"Mnashikana mikono kila siku," Shangazi akahukumu, "wewe na mke wa mwanao. Na mnashangaa ugonjwa haukwishi."

"Lakini unakwisha! Jana nimesikia!"

"Ungekuwa umekwisha kabisa." Akasimama. "Binti nitaondoka naye Jumamosi. Au paka nitaondoka naye. Chagueni."

Nyuma ya blanketi kikaanza kilio cha kujizuia. Mimi nilimtazama paka na kuiona Januari. Bila yeye mkono ungerudi kulala. Bila Tusekile nisingejua pa kubonyeza, na nani angempeleka hospitali mtoto yule aliyekuwa njiani? Mke wangu akaingia na unga mikononi.

"Shangazi, binti huyu hapandi gari na tumbo lile kwenda popote."

"Basi paka."

"Na paka haondoki. Akiondoka paka, huyu mgonjwa atanikanda mimi, nami nitamuuma kwelikweli."

Shangazi alijizuia kucheka, akashindwa kidogo. Akaketi tena. Alifikiri kwa muda mrefu, huku akimtazama mke wangu, macho yake yaliyozama, kanga iliyofungwa vibaya, unga uliokauka mpaka viwikoni. Nadhani ni wakati ule, si kabla, alipoijua hukumu yake.

"Sawa. Atapita kwako kama vitu vingine vinavyopita kwako. Binti akimaliza, wewe utamchukua paka, utaketi hapa na kumpakata mpaka joto la kule limtoke na ashike lako. Ndipo umpe mumeo."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka alale."

"Alale! Shangazi, nina kazi!"

"Nitafanya mimi. Sikuja hapa kukaa kama barua." Akajifunga kitenge kiunoni. "Kuni ziko wapi?"

Akabaki nasi mpaka mvua. Alifanya kazi zote, zote vibaya. Maharage yake yalikuwa meusi, na uji wake ungeweza kujengea ukuta. Lakini kila alasiri, jua likiingia kwa dirisha la magharibi, mke wangu aliketi kwenye kiti kando ya kitanda changu, paka mapajani. Siku za mwanzo aliketi kama mtu anayengoja basi, masikio yote yako jikoni. Kisha akaanza kumkuna paka. Kisha akaniuliza pale Tusekile anapobonyeza ni wapi, nikamwonyesha. Kisha tukaanza kuzungumza. Hatukuwa tumezungumza tangu masika, tulikuwa tukipeana maagizo tu.

"Kanisani ulipoanguka," aliniambia siku moja akitazama paka, "nilidhani nimebaki mjane katika mji wa watu."

"Mimi nilidhani mnanidhania nimelewa."

"Nilikudhania hivyo pia. Nikasema, Mungu wangu, afadhali iwe pombe."

Tulicheka mpaka paka akalalamika.

Siku iliyofuata alilala yeye kabla ya paka, kichwa ukutani, mdomo wazi, mikono imelegea. Bwana Shauri alijitoa mapajani mwake na kuja kwangu mwenyewe. Shangazi akachungulia.

"Amelala?" akanong'ona.

"Amelala."

"Nani?"

"Mke wangu."

Shangazi akatafakari sheria yake. "Inatosha," akasema, akashusha blanketi taratibu.

Mvua za kwanza zilipogonga mabati, Tusekile alipelekwa hospitali na Shangazi, akarudi na mtoto wa kike. Mtoto aliletwa upande wangu kwa njia ya halali, mikononi mwa mke wangu, na mkono wangu wa kulia ukashika unyayo wake. Ulikuwa wa moto. Nilijua ni wa moto kabla sijautazama. Nyuma ya blanketi mtu alikohoa, kikohozi kirefu chenye swali, nami nikajibu kwa paka kwamba mtoto ni mzuri, na kwamba nashukuru, na kwamba anayehusika apumzike. Bwana Shauri mwenyewe kufikia Krismasi aliweza kupanda mezani. Boriti aliwaachia vijana.

Januari nilikwenda shuleni kwa miguu yangu. Mwalimu Mkuu alikuwa amenipangia darasa la kumi, naye akaja kusimama nyuma, kofia mkononi. Hakusema ni mtihani. Nilichukua chaki. Vidole vikafunga, vyote, vikaishika. Nikaandika kichwa cha somo na mstari mzima chini yake, herufi moja baada ya nyingine, nikamaliza, nikageuka nikiwa nimefura kama jogoo.

Wanafunzi walikuwa wakiendelea kuningoja, kalamu mikononi.

"Anza tu, Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema kwa upole.

"Nimeandika."

Akavaa miwani, akaja hatua chache. Nami nikageuka kutazama. Maneno yalikuwepo, yamenyooka, lakini yamefifia kama pumzi kwenye kioo. Miezi yote ile mkono ulikuwa umejifunza jambo moja tu, nalo ni kutobonyeza. Nikajaribu kukaza, chaki ikavunjika. Nikachukua nyingine, ikavunjika pia, kipande kikaruka hadi dirishani. Nilishika ya tatu bila kuigusisha ubaoni. Kati ya ule uzito wa kumbembeleza paka na uzito wa kuvunja, mkono wangu haukujua kitu. Nilisikia Mwalimu Mkuu akivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kutazama dari.

Kisha dawati likakwaruza sakafu. Wawili wa nyuma walikuwa wamesimama na kulinyanyua lao, wakalileta mbele. Wa mbele yao wakasogea kuwapisha, nao wakanyanyua lao. Ikaanza vurumai ya miti na saruji, darasa zima likisukumana, "Sogea bwana!" "Nikanyage tu!", mpaka madawati yakabanana chini ya ubao, magoti ya wa kwanza yakinigusa suruali, na nyuma yao chumba kikabaki kitupu, Mwalimu Mkuu amesimama peke yake katikati ya sakafu.

Akaivaa kofia yake. "Endelea, Mwalimu," akasema, akatoka na kufunga mlango.

Niliandika mstari wa pili, kwa mkono uleule mwepesi. Msichana aliyekuwa karibu kabisa na ubao akausoma kwa sauti, kuwasaidia wa nyuma, ambao sasa hawakuwa nyuma sana.